Steroidi na Mapafu: Yampasayo Mtumiaji wa Dawa Kuyajua



Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, kikohozi na kubanwa kifua ni malalamiko yasiyokosekana katika msimu wowote. Nyanda za juu za Tarime zina usiku wa baridi. Kiangazi huleta vumbi katika njia za kwenda Nyamongo, Nata na Mugumu. Majiko mengi hutoa moshi wa kuni, na pale yalipo makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu, vumbi laini hutanda hewani tangu asubuhi hadi jioni.

Mtu anapobanwa kifua, mara nyingi hatua yake ya kwanza huwa ni kwenda duka la dawa. Huko huenda akauziwa vidonge vidogo vya prednisoloni au deksamethasoni, na baada ya siku mbili au tatu akajiona amepona. Vidonge hivyo ni vya jamii ya steroidi. Ni dawa zenye manufaa makubwa, nazo zimeokoa maisha ya watu wengi duniani. Lakini dawa hizohizo, zikitumika pasipo sababu au pasipo kipimo, zaweza kumfichia mgonjwa maradhi yanayomla ndani kwa ndani.

Tumeandaa somo hili ili mtumiaji aelewe steroidi ni nini, hufanyaje kazi katika mapafu, humfaa nani, na ni lini ajizuie kuzinunua.

1. Mchochota ni nini?

Mwiba ukikuchoma mguuni, mahali hapo huvimba, huwa pekundu, hupata joto na kuuma. Hali hiyo wataalamu huiita mchochota. Si ugonjwa wenyewe, bali ni askari wa mwili wanaokusanyika mahali penye adui. Mishipa ya damu hutanuka, maji huvuja kuingia katika nyama, na chembe nyeupe za damu hufika kupambana na vijidudu au uchafu. Kazi ikiisha, askari hutawanyika na uvimbe hupungua.

Mchochota ukitokea mguuni, kuna nafasi ya kuvimba. Katika mapafu nafasi hiyo ni finyu mno. Hewa tunayovuta hupita katika mabomba yanayogawanyika kama matawi ya mti, na yale ya mwisho kabisa ni membamba kuliko mrija wa kalamu. Kuta za mabomba hayo zikivimba kidogo tu, na makohozi mazito yakiongezeka ndani yake, njia ya hewa huziba kwa sehemu kubwa. Mgonjwa hutoa sauti ya filimbi apumuapo, hukohoa usiku, na hushindwa kumaliza sentensi bila kukata pumzi.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa mgonjwa wa pumu. Mapafu yake huwa na mchochota wa kudumu, hata siku anapojiona mzima. Moshi, vumbi, baridi, chavua za majani au mafua huuchochea tu moto ambao tayari umo chini ya majivu.

2. Homoni ambayo mwili huitengeneza wenyewe

Juu ya kila figo ipo tezi ndogo iitwayo tezi ya adrenali. Tezi hiyo hutoa homoni ya kortisoli, ambayo ni steroidi ya asili ya mwili wa binadamu. Miongoni mwa kazi zake ni kuwaamuru askari wa mwili wasipite mpaka.

Utendaji wake ni wa namna hii. Homoni husafiri katika damu, hupenya ukuta wa chembe ya mwili, na ndani yake hukutana na kipokezi kilichoumbwa kwa ajili yake, kama ufunguo unavyokutana na kufuli. Vikishaungana, huingia katika kiini cha chembe, mahali zilipohifadhiwa amri zote za urithi. Hapo hufanya mambo mawili. Kwanza, huzima amri zinazotengeneza kemikali za kuchochea mchochota. Pili, huwasha amri zinazotengeneza kemikali za kuutuliza. Matokeo yake ni kwamba uvimbe wa kuta hupungua, makohozi hupungua, na chembe zilizokusanyika huondoka au kufa.

Kwa kuwa kazi hii hufanyika kwa kubadili amri ndani ya chembe, haikamiliki kwa dakika moja. Huchukua saa kadhaa, na kwa dawa ya kuvuta huchukua siku hadi wiki kadhaa mpaka manufaa yake yaonekane kikamilifu. Jambo hili ni la kukumbuka, kwa maana wengi huiacha dawa ya kuvuta baada ya siku mbili wakidhani haifai.

Kortisoli hupanda sana alfajiri na asubuhi, na hushuka hadi kiwango cha chini karibu na usiku wa manane. Hii ni mojawapo ya sababu zinazomfanya mgonjwa wa pumu azidiwe usiku kuliko mchana.

3. Dawa iliyotokana na ng'ombe

Wakazi wa Mara, wafugaji wa tangu kale, watapenda kujua kwamba historia ya dawa hizi inaanzia kwa ng'ombe. Katika miaka ya 1930, mwanakemia Edward Kendall wa Marekani alitenga homoni kutoka katika tezi za adrenali za ng'ombe, na Tadeus Reichstein akafanya kazi kama hiyo nchini Uswisi. Tezi zilitoa dawa kidogo mno, hivyo baadaye kortisoni ilitengenezwa kwa kuanzia na kemikali inayopatikana katika nyongo ya ng'ombe. Septemba 1948, daktari Philip Hench alimpa kortisoni mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa hawezi kutembea vizuri, na katika siku chache mgonjwa huyo alipata nafuu ya kushangaza. Watatu hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1950.

Haukupita muda mrefu kabla ya upande wa pili wa dawa hii kuonekana. Wagonjwa waliotumia vidonge kwa muda mrefu walivimba uso, mifupa yao ikadhoofika, na maambukizi yakawaingia kwa urahisi. Ndipo wataalamu walipotafuta njia ya kuifikisha dawa katika mapafu bila kuisambaza mwili mzima. Mwaka 1972 pampu ya kuvuta yenye beklometasoni ilianza kutumika Uingereza, na matibabu ya pumu yakabadilika tangu hapo.

Katika siku za karibuni, Juni 2020, utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha kwamba deksamethasoni ilipunguza vifo vya wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa wakisaidiwa na mashine za kupumua kwa takriban theluthi moja. Lakini utafiti huohuo haukuonyesha manufaa kwa wagonjwa ambao hawakuhitaji oksijeni. Dawa iliyomfaa mgonjwa mahututi haikumfaa mwenye ugonjwa mwepesi. Mtumiaji na alishike fundisho hilo.

4. Pampu mbili zisizofanana

Mgonjwa wa pumu huweza kupewa dawa za namna mbili za kuvuta. Ya kwanza ni ya kufungua kifua kwa haraka, kama salbutamoli. Hulegeza misuli inayoyabana mabomba ya hewa, na nafuu huja kwa dakika chache. Lakini haiuzimi mchochota. Ya pili ni steroidi ya kuvuta, kama beklometasoni au budesonidi. Hii haileti nafuu ya papo hapo, lakini ndiyo inayotibu chanzo, nayo hutumika kila siku kama mhudumu alivyoelekeza, hata siku ambayo kifua ni chepesi. Zipo pia pampu zilizochanganya steroidi na dawa ya kufungua kifua. Mhudumu atakueleza matumizi yake.

Mgonjwa anayetegemea salbutamoli peke yake ni kama mtu anayepepea moshi na kuuacha moto ukiendelea kuwaka. Ukiona unaihitaji pampu hiyo mara nyingi zaidi kuliko awali, usinunue nyingine na kunyamaza. Rudi kituoni, kwa sababu hiyo ni dalili kwamba mchochota unazidi.

Usizitofautishe pampu kwa rangi pekee, maana watengenezaji hutofautiana. Soma jina la dawa lililoandikwa.

5. Je, pampu humzoesha mgonjwa?

Yapo maneno yanayosemwa mitaani kwamba pampu ni ya mtu aliyekaribia kufa, au kwamba ukiianza hutaweza kuiacha. Maneno haya yamewafanya wazazi wengi wawafiche watoto wao dawa iliyo salama zaidi na kuwapa vidonge vyenye madhara zaidi.

Tuangalie vipimo. Dawa ya kuvuta hupimwa kwa maikrogramu, na maikrogramu 1,000 ni sawa na miligramu 1. Mvuto mmoja wa beklometasoni huweza kuwa na maikrogramu 100. Kidonge kimoja cha prednisoloni cha miligramu 5 kina maikrogramu 5,000, nacho huenda mwili mzima, tangu macho hadi mifupa. Kwa nguvu, kidonge hicho kimoja hukaribia kortisoli yote ambayo mwili wa mtu mzima huitengeneza kwa siku nzima.

Steroidi ya kuvuta haileti ulevi wala uraibu. Mgonjwa huiendeleza kwa sababu pumu ni maradhi ya kudumu, kama avaaye miwani asivyosemwa kwamba amezoeshwa miwani. Mama mjamzito mwenye pumu naye asiiache dawa yake kwa hofu, bali amweleze mhudumu wa kliniki. Pumu isiyodhibitiwa ni hatari zaidi kwake na kwa mtoto aliye tumboni.

6. Namna ya kuvuta dawa

Dawa nzuri ikivutwa vibaya huishia kinywani. Fuata hatua hizi:

(a) Ondoa kifuniko, tikisa pampu vizuri.
(b) Toa pumzi taratibu mpaka kifua kiwe chepesi.
(c) Weka mdomo wa pampu katikati ya midomo na ufumbe.
(d) Anza kuvuta pumzi polepole, papo hapo bonyeza mara moja, na endelea kuvuta.
(e) Zuia pumzi kwa kadiri ya kuhesabu hadi 10, kisha pumua.
(f) Kama umeelekezwa kuvuta mara ya pili, subiri kidogo kisha urudie.
(g) Ukimaliza steroidi, sukutua kinywa kwa maji na uyateme. Hii huzuia utando mweupe wa fangasi na sauti kukauka.

Watoto na wazee hushindwa kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja. Kwao hutumika chombo cha kati kinachoishika dawa kabla haijavutwa. Pasipo chombo hicho, chupa safi ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa chini kwa ukubwa wa mdomo wa pampu, yaweza kutumika. Utafiti uliofanyika Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba chupa ya namna hiyo huwasaidia watoto wanaobanwa na pumu. Mwombe mhudumu akutengenezee au akuonyeshe.

Hesabu mivuto pia. Pampu yenye mivuto 200, kwa mtu avutaye mara 2 asubuhi na mara 2 jioni, huisha baada ya siku 50. Andika tarehe ya kuanza juu ya pampu. Pampu iliyokwisha dawa huendelea kutoa hewa na sauti, na mgonjwa hudhani anajitibu.

7. Kikohozi ambacho steroidi haikitibu

Hapa ndipo penye hatari kubwa kwa watu wa wilaya hizi mbili, hasa waishio kwenye machimbo.

Tuchukue mfano. Kijana amefanya kazi miaka sita katika maduara na kwenye karasha. Anakohoa kwa wiki tano, anatoka jasho usiku, suruali imeanza kumlegea kiunoni. Rafiki yake anamwambia kwamba ni pumu, anamnunulia prednisoloni. Baada ya siku tatu homa imeshuka, hamu ya kula imerudi, na kijana anarudi kazini akiwa na furaha. Mwezi unapita. Anazidiwa tena, ananunua tena. Anapofikishwa hospitali, ana kifua kikuu kilichoenea, na mtoto wake mdogo naye anakohoa.

Nini kilitokea? Steroidi ilifanya kazi yake ya siku zote: iliwatuliza askari wa mwili. Lakini safari hii askari walikuwa wakipigana na adui wa kweli. Homa na udhaifu vilipungua kwa kuwa mapigano yalisimamishwa, wala si kwa kuwa adui ameshindwa. Bakteria wa kifua kikuu walipata nafasi ya kuzaliana bila kizuizi.

Vumbi la mawe ya dhahabu lina silika. Chembe zake ndogo hukaa ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu, na mapafu yaliyojaa silika hushambuliwa kwa urahisi zaidi na kifua kikuu. Hakuna kidonge cha kuyaondoa makovu hayo, steroidi ikiwa miongoni mwao. Kinga ni kuzuia vumbi lisivutwe: kulowesha mawe kwa maji kabla ya kusaga, kuliweka karasha mbali na makazi, na kuvaa barakoa inayochuja vumbi. Kitambaa cha kawaida hakitoshi.

Kwa hiyo tunasisitiza: anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi, anayetoka jasho usiku, anayekonda au anayetema damu, asinunue steroidi. Aende kituo cha kutolea huduma za afya akapimwe makohozi. Uchunguzi na matibabu ya kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali. Kama amefanya kazi machimboni, aseme hivyo bila kuulizwa.

8. Madhara ya kutumia vidonge kiholela

Vidonge vya steroidi vikitolewa na daktari kwa siku chache, kwa mfano mgonjwa wa pumu anapozidiwa, kwa kawaida havileti madhara makubwa, navyo huweza kumwokoa. Madhara huja vinapotumika kwa wiki na miezi, au vinaporudiwa mara kwa mara bila usimamizi. Miongoni mwake ni sukari na shinikizo la damu kupanda, mifupa kuwa dhaifu, mtoto wa jicho, vidonda vya tumbo, uso kuvimba na kuwa wa duara, ngozi kuwa nyembamba, na maambukizi ya kila aina. Wako wanaozinunua ili wanenepe. Unene huo ni mafuta na maji, wala si afya.

Aidha, mwili ukipewa steroidi kutoka nje kwa muda mrefu, tezi za adrenali hulala. Mtu akiacha vidonge ghafla, mwili hubaki bila kortisoli. Huishiwa nguvu, hutapika, shinikizo la damu hushuka, na anaweza kufa. Kama umetumia vidonge hivi kwa zaidi ya wiki 3, usiviache kwa uamuzi wako mwenyewe. Mweleze daktari, naye atavipunguza hatua kwa hatua.

Jihadhari pia na dawa za unga au maji zinazonadiwa minadani na kwenye vituo vya mabasi kuwa ni za mitishamba na hutibu pumu, mgongo na viungo kwa siku moja. Katika nchi mbalimbali dawa za namna hiyo zimepimwa maabara na kukutwa zimechanganywa na steroidi kwa siri. Mnunuzi hajui anachomeza wala kipimo chake.

9. Haki na wajibu wako dukani

Prednisoloni na deksamethasoni ni dawa za cheti. Muuzaji akikuuliza cheti cha daktari, usimwone mkorofi, anakulinda. Nunua katika famasi au duka la dawa muhimu lenye kibali kilichobandikwa mahali pa kuonekana. Wakazi wa Sirari na vijiji vya mpakani wasinunue dawa zisizo na maelezo ya mtengenezaji, ama zilizotolewa kwenye pakiti yake na kufungwa katika karatasi, kwa sababu tu ni za bei nafuu.

Kabla ya kulipa, uliza:

– Dawa hii inaitwaje, na je, ni ya jamii ya steroidi?
– Inatibu nini hasa katika ugonjwa wangu?
– Nitaitumia kwa siku ngapi, na nitaiacha vipi?
– Tarehe ya mwisho wa matumizi ni ipi?

Dai risiti na uitunze. Ukishuku kwamba dawa ni bandia, au ukipata madhara, usiitupe pakiti. Ipeleke kwa mhudumu wa afya au mfamasia wa wilaya, ili taarifa ifikishwe kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

10. Dalili za kukimbilia hospitali

Usisubiri kupambazuke iwapo mgonjwa hawezi kumaliza sentensi, midomo au kucha zimebadilika rangi na kuwa za bluu au kijivu, mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi, amechoka na kusinzia, au pampu ya kufungua kifua haimpi nafuu. Mketishe wima na umlegeze nguo. Mpe salbutamoli aliyoandikiwa huku mkitafuta usafiri, na mwende kituo cha afya au hospitali iliyo karibu, iwe ni upande wa Tarime mjini au Mugumu. Beba dawa zake zote.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini steroidi ya kuvuta hutumiwa hata siku ambayo mgonjwa hajabanwa?
2. Kwa nini mwenye kifua kikuu huweza kujisikia nafuu akimeza prednisoloni, ilhali ugonjwa unazidi?
3. Kwa nini ni hatari kuacha ghafla vidonge vilivyotumika kwa muda mrefu?
4. Nyumbani kwako ni nani anayekohoa kwa zaidi ya wiki 2, na amekwisha kupimwa?

Swali la nne halina jibu katika kijitabu hiki. Jibu lake liko kwako, nasi tunakusihi ulitafute wiki hii.